Vigari Vitatu, Barabara Tatu na Ndoa Moja

Unataka gari lililotumika, dogo, lenye vituko vyake, la kukupeleka kazini kila siku ukiwa unatabasamu. Unaishi Tabora. Mwenzio anataka Noah. Soma kwanza kabla hamjanuniana.

Tukubaliane jambo moja, mpenzi msomaji. Gari ni kama ndoa: watu wote wana ushauri, lakini wewe ndiye utakayelala nalo. Na hapa kwetu Tabora ushauri unatolewa bure, tena kwa sauti. Ukitamka tu kwamba unatafuta gari, shemeji atakwambia IST, bosi atakwambia Premio, mchungaji atakwambia Noah ili kwaya ipate usafiri. Hakuna hata mmoja atakayekuuliza: wewe mwenyewe unapenda nini?

Mji wenyewe unastahili swali hilo. Tabora ni mji wa miembe na baiskeli, uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila kitu kilichowahi kupita magharibi ya nchi hii kilipitia hapa. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa ikiwa hoi, ikapumzika, ikabadili wapagazi, kisha ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda, wengine kusini. Burton na Speke waliingia tarehe 7 Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh, baada ya miezi zaidi ya minne ya kutembea. Reli ilifika 1912. Tusijidanganye pia: njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na miembe mikongwe ya mji huu iliwaona wote.

Kwa hiyo swali la "nisafiri na nini, na kitanifikisha?" ni swali la siku nyingi sana Tabora. Mimi na mume wangu tuliliuliza upya mwaka jana, tukiwa na shilingi milioni 9 mkononi: milioni 5 za kikoba changu, na milioni 4 za kwake.

NOAH AU RAHA?

Mume wangu ni mtu wa hesabu. Alikaa mezani na kalamu.

"Mama watoto, tuko wanne. Mama naye ana kliniki Kitete kila mwezi. Ndugu wakija je? Noah inabeba wote."

"Baba, ndugu wanakuja mara mbili kwa mwaka. Mimi naenda kazini siku tano kwa wiki."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka kigari kifupi, chepesi, cha gia ya mkono. Nataka nikiwasha asubuhi nijisikie mtu."

Alinyamaza, akaniangalia kama nimeomba tuhamie mwezini. Nikamwelewa. Kwa miaka 11 ya ndoa kila shilingi yetu ilikuwa na kazi: ada, tofali, bati, msiba, mchango wa harusi. Kuomba raha kwa hela ya kikoba kulisikika kama utoto. Lakini wanawake wenzangu mnanielewa. Unaweza kuwa mtu wa majukumu mpaka ukasahau ulikuwa unacheka vipi. Na yeye pia alikuwa amesahau, sema hakutaka kulisema.

Tukafanya mapatano. Tutatafuta vigari vitatu vya namna ninayoitaka, hapahapa kwetu, na kila kimoja tutakijaribu kwenye barabara yake. Kama hakuna kitakachofaa, tunanunua Noah na mimi sitalalamika. Kikifaa, yeye hatalalamika. Tukashikana mikono.

KIGARI CHA PILIPILI

Hivi vigari vina historia. Mwaka 1975 Volkswagen walionyesha Golf GTI kwenye maonyesho ya Frankfurt: gari la kawaida la familia, fupi, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ila limetiwa injini yenye nguvu zaidi na miguu migumu zaidi. Watu wakagundua kwamba si lazima uwe tajiri ili ufurahie usukani. Wajapani wakaja na pilipili zao. Toyota Starlet Glanza V ya 1996 hadi 1999 ilikuwa na injini ya lita 1.3 yenye tabo na nguvu za farasi 135, kwenye bodi lisilofika hata tani moja. Wazee wa Starlet mnaijua hiyo.

Kwa nini hatukuagiza Japani? Hesabu. Vigari vyenye vituko nilivyovitaka mimi vingi vilitoka kiwandani kati ya 1999 na 2006. Mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT, TRA hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8, na likizidi miaka 10 unapanda tena. Unaweza kununua kigari cha bei poa kule, kikafika bandarini kikawa na bei ya kiwanja. Kama unavizia gari la umri huo, tafuta ambalo limeshaingia nchini na lina kadi ya Tanzania. Usiogope namba. Watu wanadharau namba A na B kwa sababu ndizo zilizotangulia, lakini gari la namba D lililoteswa ni bovu kuliko la namba B lililopendwa.

BARABARA YA KWANZA: MJINI NA WiLL VS

Kigari cha kwanza kilikuwa cha kijana mmoja mwenye duka la simu. Toyota WiLL VS. Kama hujawahi kuliona, fikiria ndege ya kivita iliyokatwa mabawa ikaambiwa iende sokoni. Ndivyo ilivyokusudiwa: wabunifu wake walichukua wazo kwenye ile ndege ya Kimarekani isiyoonekana kwenye rada. WiLL ilikuwa chapa iliyoanzishwa 1999 na makampuni kadhaa ya Japani, Toyota likiwemo, ili kuwanasa vijana. VS ilitengenezwa kati ya 2001 na 2004 tu, kisha chapa yenyewe ikafa.

Tuliliendesha mjini Jumamosi. Tukatoka Kanyenye, tukapita stesheni, tukazunguka chini ya miembe. Jamani! Watoto walikimbia nyuma yetu. Mzee mmoja alisimamisha baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, akauliza hii ni gari au ni meli. Trafiki alitusimamisha, akakagua leseni na bima, akauliza na swali la ziada: "Hii mmeitoa wapi?" Mume wangu, mtu wa hesabu, alianza kukaa upande upande kama msanii wa bongo fleva. Nikamwona. Nikanyamaza.

Uzuri wake ni kwamba chini ya hilo vazi, ni Corolla. Lile tulilojaribu lilikuwa na injini ya 1ZZ ya lita 1.8, ambayo imo kwenye Allion na Premio nyingi unazoziona mjini. Fundi wetu, ambaye gereji yake iko chini ya mwembe, alifungua boneti akacheka: "Shangazi, huyu mimi namjua. Amevaa tu kinyago."

Lakini kinyago hicho ndicho kinachouma. Vioo vya nyuma ni vidogo, kurudi rivasi ni kuomba Mungu. Viti viko chini. Na nikauliza swali moja tu: jiwe likirushwa na lori barabarani likapasua kioo cha mbele, kingine nitakipata wapi? Fundi akajikuna kichwa. Taa, bampa, vioo, vyote hivyo ni vya WiLL peke yake, na WiLL yenyewe haitengenezwi tena. Injini itafufuka Tabora. Uso wake utasubiri Dar es Salaam, au Japani.

BARABARA YA PILI: URAMBO NA RUNX

Wiki iliyofuata tulipata kinyume chake. RunX, ile tunayoiona kila siku, ya rangi ya fedha, haina hata mtu wa kugeuza shingo. Mwenyewe ni nesi, alilirithi kwa kaka yake. Lakini nyuma lilikuwa na herufi moja: Z. RunX nyingi nchini zina injini ya lita 1.5 na otomatiki. Ile ya Z ina lita 1.8 aina ya 2ZZ, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, nguvu za farasi 190, na hii ilikuwa na gia sita za mkono. Injini hiyohiyo Waingereza wa Lotus waliitia kwenye Elise yao. Nje ni mwalimu wa Jumapili, ndani ni mcheza ngumi.

Tulilipeleka Urambo, kama kilomita 90 magharibi, kwenye lami. Hii ndiyo njia ya misafara ya Ujiji, na reli inakwenda nayo. Pembeni ni miombo, mizinga ya nyuki imening'inia mitini, mabani ya kukaushia tumbaku, na Usoke akina mama wanauza karanga. Mwaka 1871 njia hii ilifungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, vita vikapigwa, na Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone ikabidi azunguke kusini ndipo aende Ujiji. Aliyetaka kupita nchi za watemi alilipa hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na aibu: ilikuwa ni ada ya njia, inajadiliwa mchana kweupe, kwa vitambaa na shanga.

Leo ada ya njia inaitwa tochi. Na hapo ndipo RunX ya Z ilipotuonyesha tabia yake. Raha ya injini ile inaanza mzunguko ukipita 6,000 kwa dakika. Chini ya hapo ni Corolla ya kawaida, inasinzia. Ukifika hapo inabadilika, inapiga kelele kama imechomwa mwiba, mgongo wako unabanwa kwenye kiti. Mara moja tu, kwenye kipande kilichonyooka, nilivuta gia ya pili mpaka ikaimba. Mume wangu akashika mpini wa mlangoni. Tukacheka wote wawili, kile kicheko cha watoto walioiba embe. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka vile garini.

Halafu kikaja kibao cha 50, kijiji, watoto wa shule, mbuzi. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, lakini tuache faini: mtoto anayevuka barabara hana bei. Kilomita hadi kilomita tulitambaa, na injini yote ile ikakaa kimya kama simba kwenye banda la kuku. Nikajiuliza: nitaisikia ikiimba mara ngapi kwa mwezi? Kutoka nyumbani mpaka ofisini kwangu ni kilomita 5. Sitafika hata gia ya nne.

Fundi naye hakucheka siku hiyo. Alisikiliza injini, akavuta kijiti cha oili, akapangusa kwa kidole. "Hii inataka oili safi, na kwa wakati. Ukichelewesha, ile raha ya juu ndiyo inakufa ya kwanza. Na ikifa, mimi sina spea zake. Nitaagiza." Neno lile tena. Nitaagiza.

BARABARA YA TATU: KWIHARA NA VITZ

Cha tatu mume wangu alikikataa kabla hajakiona. "Vitz? Mke wangu, Vitz? Watu watasema nimeazima gari ya demu."

Nikamwambia tulikubaliana vigari vitatu. Akapanda akiwa amevuta kofia mpaka machoni.

Sasa msikilize. Ilikuwa Vitz RS ya kizazi cha kwanza, ile ya kuanzia 1999 hadi mwanzoni mwa 2005. Ulaya inaitwa Yaris, na ilichaguliwa Gari la Mwaka huko mwaka 2000. RS ndiye mtoto mtundu wa familia: injini ya 1NZ ya lita 1.5, farasi kama 110, gia tano za mkono, miguu migumu kidogo. Farasi 110 si wengi. Lakini kigari chenyewe ni chepesi, hakifiki tani moja, kwa hiyo kila farasi anajulikana kwa jina.

Tulikipeleka Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukishaacha lami kuna vumbi, mchanga na makorongo, yaani maisha halisi. Ya pili, mama mkwe wangu anaishi upande huo, na yeye ndiye abiria wa kliniki.

Na hapa ngoja nikupeleke kidogo kwenye tembe la Livingstone, kama hujafika. Ni nyumba ya udongo yenye ua katikati, imejengwa upya, leo ni makumbusho. Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja Februari 1872, wametoka Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki. Unajua alikuwa anasubiri nini? Si afya, si barua, si hela. Alisubiri wapagazi, ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Alikaa mpaka tarehe 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano mtu maarufu duniani amekaa Kwihara, ana nia, ana ramani, hana miguu.

Nilisimama uani pale nikaielewa gereji yetu. Gari linalosubiri spea ni Livingstone wa Kwihara. Linaweza kuwa na jina kubwa kiasi gani, liko palepale chini ya mwembe, kuku wanataga ndani.

Na kuna jingine. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili wa kupanda. Walikufa wote mwanzoni kabisa mwa safari, hawakuiona hata nchi ya Ugogo. Mizigo iliendelea kwenda, kwa sababu ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliozoea njia, kila mmoja na karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi akichoka, akiumwa, kijiji cha mbele alipatikana mwingine aliyejua kazi ileile. Farasi akifa, hakuna kijiji chenye farasi. Njia hii haijawahi kumheshimu mnyama ambaye hakuna mwenzake hapa.

Basi tukafika kwa mama. "Mwangaluka, mama." Akaitikia, akakaribisha maji na matobolwa, kisha akatoka na fimbo yake kuja kukiona kigari. Alikizunguka kama ng'ombe wa mahari. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaingia, akakaa, akatoka, akaingia tena. Viti vya Vitz viko juu kuliko vya WiLL, magoti hayakumsumbua.

"Mwanangu," akaniambia, "kikizimika hapa, nani atakifufua?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, na hapo nikajua kitu kimebadilika. "Mama, hiki kila mtu atakifufua. Injini yake ni ya IST, ni ya Probox, ni ya Raum. Taa zake, milango yake, kioo chake cha mbele, ni vya Vitz tu, zimejaa."

"Sasa shida yako nini?"

"Wanasema ni gari ya wanawake, mama."

Mama akamwangalia muda. "Na wewe ulitoka kwa nani?"

Hakukuwa na swali lingine.

Kurudi, mama alitusindikiza mpaka mjini, amekaa mbele. Vitz hizi zina kituko kimoja: spidi haiko mbele ya dereva, iko katikati ya dashibodi. Abiria wote wanaiona. Mama alikuwa ananisomea: "Arobaini. Arobaini na tano. Hamsini, mwanangu, hamsini." Nikakata kona ya kuingia mjini kwa gia ya pili, kigari kikajibu papo hapo kama kimeitwa jina, na ilikuwa 45 tu. Hapo ndipo nilipolipata jibu langu. RunX ilinipa raha nikivunja sheria. WiLL ilinipa raha nikitazamwa. Vitz ilinipa raha kwenye kona ya sokoni, saa 1 asubuhi, bila mtu kujua.

UAJABU UKAE WAPI?

Usiku ule tulikaa barazani. Mume wangu alichukua kalamu yake, ila safari hii aliandika maneno badala ya hesabu. Naomba nikupe alichokiandika, maana kimenisaidia hata kwenye mambo yasiyo ya magari.

Kila kigari cha vituko kina uajabu wake mahali fulani. Ukiwa kwenye bodi, kama WiLL, utaishi kwa hofu ya jiwe na ya mgongano mdogo wa bodaboda. Ukiwa kwenye injini, kama RunX ya Z, utaishi kwa hofu ya fundi. Ukiwa kwenye wepesi na mkono wa gia, kama Vitz RS, uajabu unakaa kwako dereva, na spea za kwako zipo. Anayeishi Dar, karibu na maduka ya spea ya Ilala, anaweza kuchagua cha kwanza au cha pili akalala usingizi. Sisi tulio kilomita zaidi ya 800 kutoka huko tunachagua ambacho hakitatuweka Kwihara miezi mitano.

Halafu tukaongea lile lililokuwa chini ya meza. Alisema Noah haikuwa kwa ajili ya ndugu. Alikuwa anaogopa kuonekana hawezi kubeba watu wake. Nikamwambia sikutaka gari la kumkimbia, nilitaka gari la kucheka naye. Miaka 11, na ilibidi tupande magari matatu ya watu ndipo tuambiane.

Tulinunua Vitz kwa milioni 6 na nusu. Iliyobaki tuligawa mara mbili: nusu ikaenda kwenye matairi mapya, shokapu, bushi na klachi, nusu tukaiweka benki kwa jina la "ndugu wakija". Wakija tunakodi Noah yenye dereva, siku mbili, mambo kwisha. Na nani unadhani anaamka mapema Jumapili kuosha kigari cha kike? Wala simsemi.

KABLA HUJATOA HELA

Kama na wewe unavizia kigari chako cha pilipili, shika haya:

• Fika asubuhi kabla injini haijawashwa siku hiyo, ukaiguse ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema ana kitu anakificha. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokata ni maji yanaingia pasipotakiwa.

• Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute kama maziwa ya mtindi, aga kwa heshima.

• Usiamini kilomita kwenye dashibodi, zinarudishwa. Amini raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 60,000 haziwezi kula pedali mpaka ikabaki chuma.

• Kwa gia ya mkono, panda kilima ukiwa gia ya tatu, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele na gari halikazi mwendo, klachi imekwisha. Punguza bei au punguza hamu.

• Vigari vya vituko hupitia mikono ya vijana. Tazama kama springi zimekatwa ili kikae chini, kama waya zimeungwaungwa kwa ajili ya muziki. Kwenye vumbi la Tabora, kigari kilichoshushwa ni jembe.

• Soma matairi. Tarakimu nne za mwisho pembeni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zuri kwa macho linaweza kuwa kongwe.

• Linganisha namba ya chasisi na kadi, herufi kwa herufi. Angalia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Andikishaneni mkataba mbele ya mwanasheria, kisha mhamishe umiliki TRA mapema. Usikae na kadi yenye jina la mtu mwingine.

• Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Na muulize swali la mama mkwe: kikizimika hapa, nani atakifufua? Akisema "nitaagiza" zaidi ya mara moja, umeshajibiwa.

• La mwisho ni la wenye wenza. Mwenzio akikataa kigari chako, usimuulize anapenda gari gani. Muulize anaogopa nini. Halafu mpe usukani yeye, wewe kaa kushoto, na mtoke nje ya mji taratibu. Tabora ina barabara za kutosha kwa mazungumzo hayo.